Kizunguzungu cha kijana si palu kila mara: someni namba ya tatu!

Hapa kwetu Lubumbashi, kijana akisema "kichwa kinanizunguka", hukumu inatoka kabla hajafunga mdomo. Mama atasema ni njaa. Jirani atasema balimuloga. Muuguzi wa dispensari atasema ni palu, na kama ana shaka kidogo ataongeza tifo, maana kwetu palu na tifo ni mapacha, haziachani. Kocha naye atapiga kelele kutoka pembeni ya uwanja: "Kaza roho, we mwanaume!" Watu wanne, hukumu nne, na hakuna hata mmoja aliyemshika mkono akahesabu mapigo ya moyo wake kwa dakika moja.

Dakika moja tu. Haiombi dola, haiombi umeme wa SNEL, haiombi hati kutoka Kinshasa. Inaomba vidole viwili na saa. Na bado hatufanyi. Hilo ndilo linalonikasirisha, na leo nitalisema hata kama kuna watu wenye makoti meupe watakaonikunjia uso nikipita mlangoni kwao.

Sizungumzii mzee wa miaka sabini mwenye tansio. Nazungumzia kijana mwenye nguvu, yule ambaye kila mtu anamtazama na kusema "huyu ana afya". Anakimbia saa kumi na moja alfajiri kwenye barabara ya Kasapa na kikundi chake cha mbio. Anacheza mpira Jumapili kwenye kiwanja cha vumbi Katuba au Ruashi. Anasukuma baiskeli ya makala kutoka porini, magunia matatu juu yake, kilomita na kilomita. Anashuka shimoni kuchimba na kupanda tena kwa kamba. Kijana wa namna hiyo akiona giza machoni, tunamcheka. Tunasema amechoka, au jana alikunywa. Kwa sababu ana misuli, tunafikiri moyo wake hauwezi kuwa na shida. Misuli ya mguu tunaiona. Moyo hatuuoni, na tusichokiona tunakisingizia palu.

Nitawapa mfano mmoja wa mtaa wetu, bila jina la kijana, bila jina la dispensari, maana sitaki kesi na tena sitaki kumwaibisha. Ana miaka ishirini na nne, beki wa kushoto, mtu wa mbio. Alianza kuona kizunguzungu akipanda ngazi. Halafu akawa anachoka katikati ya kipindi cha kwanza, yeye ambaye zamani alikuwa anamaliza mechi na kurudi nyumbani kwa miguu. Katika miezi miwili alilazwa mara tatu, na mara zote tatu aliwekewa serumu yenye kinini. Mara ya kwanza kipimo cha malaria kilikuwa hakioni kitu, wakasema vijidudu "vimejificha". Mara ya pili wakampima Widal, ikawa chanya, wakaongeza dawa za tifo. Mara ya tatu masikio yakawa yanalia kama nzige na kizunguzungu kikazidi, wakasema ni dalili kwamba dawa inapigana na ugonjwa.

Sasa sikilizeni hili. Mara hizo zote alipimwa tansio kwa ile mashine ndogo ya betri inayofungwa mkononi. Ile mashine inaonyesha namba tatu. Ya juu na ya kati ni za tansio. Ya chini, ile ya tatu, ni mapigo ya moyo kwa dakika. Muuguzi aliandika mbili za juu kwenye karatasi na kumwambia, "Tansio yako iko chini kidogo, kunywa kahawa na ule vizuri." Namba ya tatu haikuandikwa. Ndugu yake mkubwa, ambaye hakusoma udaktari, ambaye anauza vocha za simu, ndiye aliyeiona na kuuliza: "Na hii 36 ni ya nini?" Akajibiwa kwamba mashine imechoka.

Mashine haikuwa imechoka. Moyo ndio uliokuwa unapiga mara 36.

Walipofika hospitali kubwa, mwanafunzi wa udaktari alimshika mkono akahesabu, akahesabu tena, akaita mkubwa wake. Wakamfanyia elektro, kile kipimo cha umeme wa moyo. Karatasi ikatoka, wakaelewa palepale. Kati ya vyumba vya juu vya moyo na vya chini umeme ulikuwa haupiti. Leo familia inachanga pesa kwa ajili ya kifaa kidogo chenye betri ambacho kinawekwa chini ya ngozi ya kifua na kuushtua moyo kila unapochelewa. Waganga wanakiita pesimeka. Pesa za serumu tatu, za vitanda, za Widal na za vidonge zingekuwa tayari kwenye huo mchango.

Niwaeleze jinsi moyo unavyofanya kazi, kwa lugha ambayo kila mtu wa Lubumbashi anaifahamu: lugha ya delestaji. Juu ya moyo, upande wa kulia, kuna kituo kidogo kinachotoa umeme. Huo umeme unashuka, unapita kwenye kabini moja katikati, halafu unagawanywa kwenye vyumba vya chini ambavyo ndivyo vinavyosukuma damu. Kituo kikiwa kizuri na kabini ikiwa nzima, mtu aliyekaa kimya anapata mapigo kati ya 60 na 100 kwa dakika. Kabini ikiungua, vyumba vya chini havikai gizani kabisa: vinawasha jenereta yao ndogo, ile ya dharura, inayotoa mapigo 30 au 40. Mtu anaishi. Anatembea. Lakini akianza kukimbia, mwili unadai damu nyingi na jenereta ndogo haiwezi kuongeza. Damu haifiki kichwani vya kutosha, na hapo ndipo dunia inazunguka. Na jenereta ya dharura mnaijua nyinyi wenyewe. Siku moja inazimika bila kuaga.

Kabini inaweza kuharibika kwa njia nyingi. Kuna wanaozaliwa nayo hivyo. Kuna virusi vinavyoshambulia nyama ya moyo. Kuna homa ya baridi yabisi ya utotoni inayoacha alama. Kuna dawa za tansio ambazo kijana anazichukua kwenye mkoba wa mama bila kuuliza. Kuna tezi ya shingo iliyolegea, na kuna kuharisha kunakopoteza chumvi za damu. Na kuna njaa, kweli. Hapa niwatetee kidogo akina mama zetu: mwili unaokimbia kilomita kumi kila asubuhi na kula bukari mara moja tu kwa siku unaanza kubana matumizi, na moyo nao unapunguza mwendo. Mwanafunzi wa UNILU anayelala na chai ya jana anajua nasema nini. Kwa hiyo mama anayesema "kula kwanza" si mjinga. Kosa ni kuishia hapo.

Tena si kila anayezimia ana ugonjwa wa moyo. Vijana wengi wanaoanguka, wanaanguka kwa sababu wamesimama muda mrefu juani kwenye mstari, au wameona damu, au wamepigwa sindano. Moyo unapunguza mwendo ghafla kwa sekunde chache, mtu analala chini, damu inarudi kichwani, anaamka na kuona aibu. Huyo mwinueni miguu, mpeni maji akishaamka, msubiri. Lakini anayezimia akiwa anakimbia, katikati ya mchezo, bila onyo, huyo ni habari nyingine. Vilevile anayezimia akiwa amekaa au amelala. Na yule ambaye katika familia yao mtu alikufa ghafla akiwa kijana, mkasema ni majini au ni shemeji. Hao hawatakiwi kurudi uwanjani hadi wafanyiwe elektro.

Najua jibu litakalokuja, maana nililisikia kwa simu studioni siku niliyogusa jambo hili: "Lakini moyo wa mwanamichezo unapiga polepole, ni kawaida!" Ndiyo, bwana. Ni kweli kabisa. Moyo uliozoezwa unakuwa mkubwa na wenye nguvu, unasukuma damu nyingi kwa pigo moja, kwa hiyo hauna haja ya kupiga mara nyingi. Mkimbiaji mzuri anaweza kuwa na mapigo 45 akiwa amepumzika na asione shida yoyote. Miguel Indurain, yule Mhispania aliyeshinda Tour de France mara tano mfululizo kutoka 1991 hadi 1995, alijulikana kwa moyo uliopiga mara 28 akiwa amelala. Na alikuwa anawaacha wenzake milimani.

Hapo ndipo tofauti ilipo, na ndipo watu wengi wanapoteleza. Polepole peke yake si ugonjwa. Polepole pamoja na kizunguzungu ni swali linalotaka jibu. Moyo wa mwanamichezo mzima ukiuambia panda, unapanda. Anakimbia, unafika 150, 170. Moyo wenye kabini iliyoungua unabaki 40 hata mtu akipanda ngazi za jengo la ghorofa nne. Kwa hiyo yule kocha anayesema "moyo wake ni wa mwanamichezo" huku kijana anashika ukuta ili asianguke, huyo hajasema sayansi. Amesema uvivu wake kwa maneno ya kisayansi.

Sasa nirudi kwa kinini, maana hapa kuna biashara na tusijifiche. Palu ipo. Kongo ni nchi ya pili duniani kwa wagonjwa wa malaria, baada ya Nigeria, na watoto wetu wanakufa nayo. Mtu asije akasema mwandishi wa redio amewaambia watu wasitibu palu. Ninachosema ni hiki: palu inapimwa. Kipimo cha haraka kinatoa jibu kwa dakika kumi na tano au ishirini, tone moja la damu. Kikisema hapana, na kijana hana homa, basi tafuta kitu kingine. Usimwambie kwamba vijidudu vimejificha. Vijidudu havijifichi mara tatu katika miezi miwili ili dispensari ilipe kodi ya nyumba.

Na kinini si maji ya baraka. Tunaiheshimu, ni dawa ya kwetu. Ganda la mti wake linavunwa Kivu na Pharmakina ya Bukavu imeigeuza dawa kwa miaka mingi. Imeokoa watu wengi. Lakini inalevya. Inafanya masikio yalie, inaleta kizunguzungu, inaweza kushusha sukari ya damu, na ikiingizwa mshipani haraka inaweza kuvuruga mwendo wa moyo. Kwa hiyo mtu amekuja na kizunguzungu cha moyo, mnampa dawa inayoleta kizunguzungu na kugusa moyo, na kizunguzungu kikizidi mnasema dawa inafanya kazi! Hata ile amodiakini tunayopewa pamoja na artesunati inaweza kupunguza mapigo kwa muda. Si sababu ya kuikataa ukiwa na palu ya kweli, na usiache dozi katikati. Ni sababu ya kuhesabu mapigo kabla ya kuitoa kwa mtu ambaye mapigo yake tayari ni 36.

Kuhusu Widal sitakaa sana. Waganga wenyewe wanajua kwamba kipimo hicho kinaweza kusema ndiyo kwa mtu aliyepata tifo zamani, au ambaye hajawahi kuipata kabisa. Wanajua, na bado wanakiandika, kwa sababu mgonjwa amezoea kukilipia. Kinachochekesha, kama kuna la kuchekesha hapa, ni kwamba tifo ya kweli nayo hufanya mapigo yawe polepole kuliko inavyotegemewa kwa mtu mwenye homa kali. Vitabu vya zamani vya udaktari vilifundisha hivyo. Kwa hiyo hata yule anayetafuta tifo alitakiwa ashike mkono! Hakushika.

Na wale wa vyumba vya maombi, sina ugomvi nao. Mwombeeni. Lakini mkono wenu uko tayari kichwani pake. Ushusheni hadi kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, mhesabu. Mungu hatakasirika.

Watu wa mpira wanifuatilie vizuri sasa. Mnamkumbuka Fabrice Muamba. Mtoto wa Kinshasa, alizaliwa 1988, akakulia Uingereza. Tarehe 17 Machi 2012 alikuwa anachezea Bolton dhidi ya Tottenham, London, mechi ya robo fainali ya Kombe la FA. Alikuwa na miaka 23. Baadaye alisimulia kwamba kabla ya kuanguka alihisi kizunguzungu, akaanza kuwaona wachezaji wawili wawili. Halafu akaanguka uso chini, na hakuna aliyemgusa. Moyo wake ulikaa dakika 78 bila kupiga wenyewe. Dakika 78, ndugu zangu, ni karibu mechi nzima! Yuko hai leo, kwa sababu watu walianza kumkandamiza kifua palepale uwanjani, mashine ya kushtua moyo ilikuwepo, na daktari wa moyo aliyekuwa amekaa jukwaani kama mtazamaji, Andrew Deaner, aliruka akaja kusaidia. Ugonjwa wake haukuwa wa moyo wa polepole. Moyo wake ulivurugika ghafla. Na alikuwa ameshapimwa moyo hapo awali bila kuonekana kitu, kwa hiyo sisemi kwamba elektro ni dawa ya kila kitu. Lakini onyo lilikuwa lilelile ambalo sisi tunalicheka: kichwa kinazunguka.

Wengine hawakubahatika. Marc-Vivien Foé wa Kameruni alianguka Lyon tarehe 26 Juni 2003, nusu fainali ya Kombe la Mabara dhidi ya Kolombia, katika dakika ya 72, akiwa na miaka 28. Uchunguzi ulionyesha nyama ya moyo wake ilikuwa nene kuliko kawaida. Chaswe Nsofwa wa Zambia, jirani zetu hapo ng'ambo ya Kasumbalesa, alikufa mazoezini Israeli mwezi Agosti 2007. Hao walikuwa na waganga, magari ya wagonjwa, klabu za pesa. Vijana wa kartye yetu wana nini? Wana ndoo ya maji na mtu wa kupepea kwa shati.

Wakubwa wa mpira wa mji huu, Mazembe na Lupopo, wana waganga wao na siwazungumzii. Nazungumzia timu mia na zaidi za mitaa, za shule, za makanisa, za kampuni, ambazo zinaandika jina, tarehe ya kuzaliwa na namba ya jezi, basi. Waitaliano waliweka sheria mwaka 1982: hakuna mtu anayeshindana kwenye michezo bila kupimwa, pamoja na elektro. Watafiti wa mkoa wa Veneto walifuatilia wanamichezo vijana kwa zaidi ya miaka ishirini na kuona vifo vya ghafla vimepungua karibu mara kumi. Wamarekani wanabisha, wanasema elektro kwa kila mtu inaleta hofu nyingi za bure na gharama. Wabishane. Sisi hatujafika kwenye ubishi huo. Sisi hatuhesabu hata mapigo ya yule aliyekwisha kuanguka mara mbili.

Na kazi je? Union Minière, pamoja na dhambi zake zote, ilikuwa haimpi babu yako kazi bila kumpima kifua. Haikumpenda, ilitaka mabega yake. Leo kijana anapelekwa kwenye uchunguzi wa kuingia kazini kwa kampuni ya mkataba mdogo, anatoa mkojo, anapigwa picha ya mapafu, anapigwa mhuri "apte", na kesho yake yuko juu ya ngazi ya mita ishirini. Mhuri unaweza kukauka haraka kuliko mtu kuhesabu mapigo sitini. Ningependa kusikia kutoka kwa wakaguzi wa kazi wa mkoa mara ya mwisho walisoma lini karatasi hizo.

"Hatuna pesa, hatuna vifaa." Hili ndilo jibu la mwisho la kila kiongozi wa Kongo, kutoka mkuu wa kartye hadi waziri. Nalikataa. Elektro si mashine ya mwezini. Willem Einthoven, Mholanzi, aliitengeneza mwanzoni mwa karne iliyopita na akapewa Nobel mwaka 1924. Mji wetu ulikuwa bado unaitwa Élisabethville na una miaka kumi na minne. Siku hizi kuna mashine ya elektro yenye ukubwa wa kitabu, inayotumia betri, inayoweza kubebwa kwenye pikipiki. Hospitali zetu kubwa, kama Sendwe na Kliniki za Chuo Kikuu, haziko mbali kwa mtu anayetoka Kenya au Kampemba. Tatizo ni kwamba hakuna anayemwandikia kijana karatasi ya kwenda huko, maana kila mgonjwa anayepelekwa kwingine ni serumu ambayo haikuuzwa.

Na msiniambie kwamba ugonjwa wenyewe hautibiki. Tarehe 8 Oktoba 1958, Stockholm, mtu mmoja anayeitwa Arne Larsson aliwekewa pesimeka ya kwanza duniani ndani ya mwili. Alikuwa na miaka 43, anazimia mara nyingi kwa siku moja, moyo wake umezibwa kabini baada ya maambukizi. Ile ya kwanza ilidumu masaa machache tu! Wakaweka nyingine, na nyingine, zaidi ya ishirini kwa maisha yake yote. Alikufa mwaka 2001, ana miaka 86, na si kwa moyo. Leo Dar es Salaam wanaziweka kwenye Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, na Zambia wamejenga Hospitali ya Taifa ya Moyo Lusaka, safari ya basi kutoka hapa. Sisi wenye shaba na kobalti ambavyo viko ndani ya betri za dunia nzima, tunachangisha kwenye makanisa ili kijana apate betri moja ya kifuani.

Kwa hiyo haya ndiyo ninayoyadai, na siyadai kwa upole. Kila dispensari ya komini zetu iandike mapigo ya moyo kwenye karatasi ya mgonjwa pembeni ya joto na tansio, na isipoandika, mgonjwa aulize kwa sauti mbele ya wengine. Kijana mwenye kizunguzungu ambaye mapigo yake yako chini ya 50, au yanaruka-ruka, apelekwe kwenye elektro kabla ya tone la kinini, isipokuwa kipimo kimeonyesha palu. Na hata hapo, apelekwe akishatulia. Aliye chini ya 40 na anaona giza asisubiri kesho. Kocha akiambiwa "naona giza", amtoe, hata kama ni dakika ya tisini na ni fainali ya mbuzi. Na wale wanaoandaa mashindano ya mitaa, wanaopata pesa ya jezi kutoka kwa wanasiasa, waongeze mtu mmoja anayejua kukandamiza kifua: mikono miwili katikati ya kifua, kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha hadi msaada ufike. Msimwagie maji mtu ambaye hapumui. Msimtie kijiko mdomoni. Kandamizeni.

Wewe unayesoma hii kwenye simu, weka vidole viwili vya mkono wa kulia kwenye kifundo cha kushoto, chini ya kidole gumba. Usitumie gumba, lina mapigo yake lenyewe litakudanganya. Hesabu sekunde thelathini, zidisha mara mbili. Fanya ukiwa umekaa, umetulia, kabla ya kahawa. Andika. Mfanyie na mdogo wako anayejiita Mbappé wa Kamalondo.

Mimi kuanzia Jumatatu nitapita kwenye dispensari, komini kwa komini, na kinasa sauti changu. Sitauliza habari za bajeti wala za waziri. Nitaomba kuonyeshwa karatasi kumi za mwisho za wagonjwa waliokuja na kizunguzungu, majina yakiwa yamefunikwa, na nitahesabu ngapi zina namba ya tatu. Matokeo nitayasoma hewani, nzuri na mbaya. Wenye karatasi zao nyumbani waniletee studioni.